Dumu la Ulanzi na Nusu Isiyosimuliwa

Kitura, Jumamosi jioni

Mwanangu Kanisia,

Wewe uko uani na shangazi zako, mnabishana kama sanduku litafunga au halitafunga. Mimi nimejifungia chumbani, nimewaambia natafuta pasi. Pasi iko jikoni na wote wanajua, lakini wacha wanitafute kidogo. Nina jambo la kukuambia, na nikilisema kwa mdomo baba yako ataingilia kati alifanye kichekesho, kama alivyolifanya miaka yote hii.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, wala watu wa kuepuka. Hizo shangazi zako wamekumiminia tangu Jumapili, na nimekuona unavyoitikia huku unachezea simu. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimekufungia mwenyewe. Umetoka Liuli kwa ndugu zangu, si huu wa sokoni wenye mchanga. Habari za chakula zimeishia hapo.

Nataka tuzungumze juu ya lile dumu.

Hadithi unaijua. Kila Krismasi baba yako anaisimulia, na kila mwaka dumu linakuwa kubwa zaidi. Mwaka jana lilifika lita arobaini, nikamwambia, Ditram, ukiendelea hivi mwakani itakuwa tulituma tangi. Watoto wanacheka, wageni wanacheka, na mimi nacheka, kwa sababu nusu anayoisimulia inachekesha kweli. Ile nusu nyingine hajawahi kuisimulia, na si kosa lake. Mimi ndiye niliyemwomba asiiguse. Kesho unaondoka kwenda Mtwara kuwa karani wa kupokea vifurushi, kazi ileile niliyoifanya mimi, nawe umekua ukiamini kwamba niliiacha kwa ajili ya ndoa. Sikuiacha, mama. Nilifukuzwa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana baba yako huwa anaruka mambo ili afike haraka kwenye mlipuko.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa ziwani aliyepanda milimani kutafuta kazi. Ofisi yetu ya barua na vifurushi pale Mbinga mjini ilikuwa ya mtu binafsi, chumba kimoja na kaunta, na sasa haipo tena. Nilikuwa na muhuri, wino, na kitabu cha fomu chenye karatasi ya kaboni. Hujui raha ya muhuri ule. Watu wazima, wenye mashamba ya kahawa, walikuwa wanasimama mbele yangu wakisubiri mkono wangu ushuke. Kichwa kikavimba.

Ukutani palibandikwa orodha ya vitu tusivyopokea: petroli, baruti, wanyama hai, pombe ya aina yoyote. Petroli niliielewa, baruti niliielewa, na wanyama hai nilikuwa nimeshaletewa kuku. Pombe ndiyo sikuielewa. Niliona ni sheria iliyoandikwa na mtu asiyekunywa ili kuwaudhi wanaokunywa.

Siku hiyo, mvua zimekolea, akaingia kijana mrefu mwenye matope hadi magotini, amekumbatia dumu la njano la lita tano. Tano, Kanisia, si arobaini. Akaniamkia vizuri, akajaza fomu. Mahali pa kuandika kilichomo akaandika "asali". Nikasogeza pua. Mimi ni mtu wa samaki, lakini kwa miezi niliyokaa Mbinga nilikuwa nimeshajua harufu ya ulanzi, pombe ya mwanzi.

Nikamwuliza, "Kaka, hii asali ya nyuki gani?"

Akainamisha kichwa. "Dada, nisikudanganye mara mbili. Ni ulanzi."

Kisha akaeleza. Mdogo wake Oswin, huyu huyu Baba Mdogo wako, alikuwa anamchumbia Gaudensia. Katika ukoo wa Mama Mdogo Gaude, upande wa mwanamume ukileta pombe, shangazi wa binti ndiye anayeonja kwanza, na asipoonja, mazungumzo hayajaanza. Shangazi mwenyewe alikuwa Morogoro, amevunjika mguu, hawezi kusafiri. Wazee wakaamua kwamba kama shangazi haji kwenye ulanzi, basi ulanzi uende kwa shangazi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema pole, kaka, haipokelewi. Kijana alikuwa amekwisha kusema kweli na alikuwa tayari kurudi na dumu lake. Alikwisha hata kulinyanyua. Mimi ndiye niliyemwambia liache. Nikaichana fomu yake, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya, nikajaza nyingine kwa mkono wangu mwenyewe: asali. Nikagonga muhuri. Baba yako husema nilimwonea huruma. Nilikuwa najionyesha. Nilitaka kijana mzuri aone kwamba mimi ndiye mwenye muhuri.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya kosa. Kanuni ya vitu vya majimaji ilisema chombo kifungwe kisivuje. Dumu la baba yako lilikuwa limezibwa kwa majani, kama kila mtu wa huku anavyobeba ulanzi, kwa sababu ulanzi ni utomvu wa mwanzi usiotulia. Asubuhi ni mtamu hata mtoto anaunywa, jioni umekuwa kitu kingine, na muda wote huo unatafuta pa kupumulia. Mtoto wa darasa la kwanza hapa Kitura anajua hilo. Mimi wa Liuli sikulijua. Nikayatoa majani, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikazungushia selotepu mara saba.

Baba yako akasema kwa unyonge, "Dada, hii huwa haifungwi hivyo."

Nikamjibu, "Kanuni ni kanuni."

Nilikuwa nimetoka kuvunja kanuni moja, na sasa naitii nyingine ili ile ya kwanza isionekane. Hapo watoto huwa wanacheka sana, na wana haki.

Dumu lilipasuka ndani ya gari la ofisi, njiani kwenda Songea. Kuanzia hapa baba yako huruka moja kwa moja hadi kwa shangazi wa Morogoro. Nami nitakusimulia, maana ni habari tamu na sitaki kukunyima. Wazee walipopata habari kwamba ulanzi umepotea, walimpigia shangazi kwa simu ya mezani ya parokia, wakamwomba radhi. Yule mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Si mngeniuliza tu? Mpeni dada yangu hapo anywe karibu na simu, nisikie." Basi dada yake akapewa kikombe, akanywa mbele ya mkono wa simu, gudu gudu gudu, na shangazi kutoka Morogoro akasema, "Nimeonja. Endeleeni." Ndoa ikafungwa, na Mama Mdogo Gaude yuko hapo uani sasa hivi amekalia sanduku lako ili lifunge. Ulanzi haukuhitaji kusafiri hata hatua moja. Alitakiwa mtu wa kuuliza tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea katikati.

Ndani ya gari lile alikuwemo Mzee Alkuin, mpakizi wetu. Kazi yake ilikuwa kupakia mifuko na kukaa nayo nyuma mpaka Songea. Alikuwa mtu wa Kigonsera, mpole, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Ujanani alikuwa mlevi wa kutisha, yeye mwenyewe alikuwa anatusimulia, mpaka siku alipokwenda na mke wake mbele ya padri akaapa kuacha. Nilipomjua alikuwa na miaka kumi na zaidi hajagusa tone. Dumu lilipopasuka, alivua koti lake akaanza kukausha barua moja moja. Alikumbatia mfuko mzima ulioloa kifuani, ili ile mingine isilowe. Akafika Songea ananuka kilabu kizima.

Lebo ilikuwa imebanduka, dumu limechanika, na madumu ya njano yote yanafanana. Gari liliporudi Mbinga, meneja akaniita, akaomba kitabu cha fomu. Akasoma: asali, imekaguliwa, muhuri wa karani. Akasema, "Kama karani amekagua ni asali, basi hii pombe imeingia njiani." Akamgeukia Mzee Alkuin, akamwuliza asali ya mteja ameipeleka wapi, na nani alimruhusu kubeba pombe kwenye gari la barua.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, Kanisia. Umbali kama kutoka hapa kitandani hadi dirishani. Mzee Alkuin akanitazama, si kwa kunishuku, bali kama mtu anayetazama upande ambako msaada utatokea. Nikaangalia kalamu yangu.

Akasimamishwa kazi siku ileile.

Nilikaa siku tisa. Nilikuwa na sababu nzuri kila asubuhi. Jumatatu, nitasema meneja akitulia. Jumanne, labda watamrudisha wenyewe. Jumatano, nikifukuzwa nani atawalipia wadogo zangu ada kule Liuli? Sababu ile ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo iliyonisaidia kukaa kimya muda mrefu kuliko zote. Ukitaka kujua uongo unakaa wapi, usitafute mahali pasipo na ukweli. Wa kwangu ulikaa raha mustarehe katikati ya mambo ya kweli matupu.

Siku ya tisa mke wake akaja ofisini. Alisimama kwenye foleni kama mteja, akangoja zamu yake. Alipofika mbele yangu hakuuliza habari za kazi wala za mshahara. Alisema, "Binti, wewe unafanya naye kazi. Niambie tu. Mume wangu amerudia kunywa?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Nimesema maneno mengi ya hovyo maishani mwangu. Nimemtukana baba yako, nimemtukana na mama yake mara moja, Mungu anisamehe. Lakini hayo mawili ndiyo ningelipa chochote niyarudishe mdomoni. Yule mama alisema asante. Akasema asante, mwanangu, akatoka na kanga yake kichwani kwenye mvua.

Sasa usije ukanipa sifa kwa kilichofuata. Nusu saa baadaye akaingia baba yako, matope yaleyale, kuulizia kwa nini shangazi hajapata mzigo. Nikamweleza kwa kunong'ona. Akaniuliza, "Yuko wapi huyo mzee?" Nikamwambia amesimamishwa. Akasema, "Basi nionyeshe mlango wa meneja," kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Nilimkasirikia. Nikamwambia atanimaliza. Akajibu, "Dada, dumu ni langu. Wewe useme la kwako au usiseme, mimi naenda kusema la kwangu."

Akaenda. Nami nikamfuata, kwa sababu fomu ilikuwa na mwandiko wangu na nisingepona hata hivyo. Sikujisalimisha, mama. Nilipitwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kusema kweli kuliko mimi. Ndiyo maana nilimpenda, ukitaka kujua, si zile hadithi zake za macho yangu na mwanga wa dirishani.

Nikafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mzee Alkuin akarudishwa. Jioni ile baba yako na mimi tukaenda kwake kuomba radhi, na mzee akatukaribisha, akatupa viti, mke wake akatuletea chai. Akanisamehe kwa maneno mafupi. Lakini wakati wa kutusindikiza alisema jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

"Binti, la bosi halikuniuma sana. Mabosi ndivyo walivyo. Siku ile nilipofika nyumbani, mke wangu alinipokea koti, akalinusa, akakaa chini. Nikamwambia sikunywa. Akasema, nakuamini. Na usiku akaamka akalinusa tena."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwa nini pombe ilikuwa kwenye ile karatasi ya ukutani. Na si Mzee Alkuin peke yake. Ndani ya mfuko mlikuwa na vyeti vya binti mmoja wa Lipingo aliyeomba chuo cha uuguzi, wino ukachuruzika wote. Sikuwahi kumpata nimwombe radhi. Nasikia aliingia chuo mwaka uliofuata, nami nimejiambia mara nyingi kwamba mwaka mmoja si kitu. Ungekuwa mwaka wako, ningesema hivyo?

Kile kitabu cha kanuni walichokupa kwenye mafunzo nimekisoma, samahani, ulikiacha mezani. Kimeandikwa vizuri kuliko karatasi yetu. Kinatenganisha pombe ya kiwandani ya mwenye leseni na makaratasi yake, kinatenganisha pombe zetu za kienyeji, na gongo hakitaki hata kuisikia. Mambo yamebadilika, na ni vizuri. Ila bado kuna mahali pa kuandika kilichomo, na bado kuna karani anayesoma na kugonga muhuri. Mtwara wana mabibo ya mikorosho na pombe yake, kama sisi tulivyo na mianzi. Watakuja na asali, juisi, na dawa ya tumbo ya bibi. Usiwacheke na usiwafokee. Mtu anayeandika "asali" mara nyingi ana harusi au msiba nyuma yake, na wazee wamemtuma. Mkatalie dumu lake, yeye mwenyewe usimkatae. Mwulize nani alikuwa anywe, na kama hakuna namna nyingine. Utashangaa mila zetu zilivyo na huruma kwa anayeuliza mapema.

Sasa nakuja kwenye kilichonifungia chumbani.

Leo mchana, wakati tunakula, Baba Mdogo Oswin alikuambia, "Sasa tuna mtu wetu dirishani." Wote tukacheka. Kisha akasema akianza kuwatumia ulanzi watu wa nyumbani walioko huko, wewe ndiye utakayepokea mzigo. Usifungue, usiulize, gonga muhuri. Akasema, "Hata mama yako alitusaidia, ndiyo maana upo." Watu wakapiga makofi, na baba yako akaanza dumu lake la lita arobaini.

Na wewe ukasema, "Nitaangalia, Baba Mdogo."

Nilikutazama ulipokuwa unasema. Ulitabasamu, ukaongeza mboga kwenye sahani. Najua hukumaanisha ndiyo. Ulitaka kupita tu, usimuudhi mtu anayekupenda, aliyeuza mbuzi wake ili usome. Lakini Oswin amesikia ndiyo. Amekwenda kwake na ndiyo yako mfukoni, na kesho anakuja kukuaga na kupanga siku ya kutuma. Usipomjibu kesho, atatuma. Ukifika huko mzigo utakukuta dirishani, jina la mtumaji ni baba yako mdogo, na mahali pa kilichomo pameandikwa asali. Na nyuma ya gari lenu patakuwa na mpakizi fulani, mtu ambaye hujamjua bado, mwenye mke.

Kosa ni langu kabla halijawa lako. Nimewaacha miaka ishirini na tano wacheke nusu ya hadithi, na nusu hiyo ndiyo iliyowafundisha kwamba hakuna aliyeumia. Ningekuwa nimeisimulia yote hata mara moja, pale mezani, na jina la Mzee Alkuin ndani yake, Oswin asingekuomba. Ni mtu mwema, hajui tu. Kwa hiyo leo baada ya chakula cha jioni, kabla hujafungua barua hii, nitakuwa nimeshamwambia baba yako kwamba Krismasi ijayo nasimulia mimi. Atalalamika, maana nitaanzia na lita tano.

Lakini la kesho siwezi kukusemea. Nilifikiri niende kwa Oswin mwenyewe nimkatalie kwa niaba yako, hata viatu nikavaa. Kisha nikavivua. Mlango wa meneja baba yako hakunisukuma kuuingia, na sasa najua alinistahi.

Nakupenda sana, Kanisia. Najivunia wewe mpaka majirani wamenichoka. Kesho akija, mwamkie kwanza kwa mikono miwili: shikamoo, Baba Mdogo. Mngoje aitikie. Halafu mwambie hapana. Usimwambie sijui wala nitaangalia, na usimpe sababu hata moja, maana mimi nilikuwa nazo siku tisa, zote nzuri, na mama wa watu alikuwa anaamka usiku kunusa koti.

Mama yako